Minga ya Banda la Kuku

Watu wa Quilmay wananipenda. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kuniambia, "Ercira, wewe huna shukrani." Wananipenda, tena sana, na kwa kunipenda kwao wamenitia kidonda ambacho hospitali nzima haina dawa yake.

Hospitali ndiyo iliyoanzisha yote. Figo zangu zimechoka, na daktari alinieleza kwamba damu yangu itabidi isafishwe kwa mashine, leo ndiyo kesho hapana, mpaka nife. Kisiwani kwetu hatuna mashine hiyo, na boti yenyewe bahari ikichafuka haiji. Binti yangu Yasna anakaa mjini Puerto Montt, ng'ambo ya bahari, ghorofa ya nne. Akanipigia simu. "Mama, unahamia huku. Sitaki visingizio."

"Na kuku?"

Akacheka. Alidhani namtania.

Sikuwa na utani wowote. Kuku wangu walikuwa kumi na mmoja na jogoo wao, wa ile mbegu yetu ya zamani isiyo na mkia, yenye vishungi vya manyoya masikioni, inayotaga mayai ya buluu. Mama yangu aliniachia mbegu hiyo, naye aliachiwa na mama yake. Tangu mume wangu Arsenio afariki, hao ndio niliokuwa nikiongea nao asubuhi. Kulikuwa na Mtawa, mweusi mwenye kola nyeupe. Kulikuwa na Bi Harusi, mweupe, maringo tele, hataki kukanyaga tope. Na Mdaku, ambaye mlango wa jikoni ukifunguka tu keshaingia kuchungulia nani kaja. Siku nilizozidiwa, Mdaku alisimama kando ya kitanda akinung'unika mpaka nikaona haya nikaamka. Mtu akitaka kuniambia kuku ni kuku tu, aseme, lakini asije kwangu kuomba hata maji ya kunywa.

Basi nikaanza kuwatafutia pa kukaa. Mwalimu wa shule alitaka wawili tu, awe anawaonyesha wageni wake mayai ya buluu. Mpwa wangu akasema atawachukua wote, lakini nilimwona anavyowatazama mapaja, nikamwambia aende zake. Mwingine aliwataka kuku bila jogoo, eti anapiga kelele. Mimi nilitaka jambo moja tu: waende wote, wakae pamoja ndani ya banda lao walilolizoea, wafe kwa uzee. Kuku ukiwatawanya, wenyeji wanawadonoa, wanasusa kula, wanajifia pembeni. Ukiwapeleka kwenye banda geni wanalikataa, wanalala juu ya miti kwenye mvua.

Aliyeniokoa, au niliyedhani ameniokoa, ni Delfina Chiguay. Delfina alimsimamia Yasna ubatizo, ndiyo maana tunaitana komadre, na mumewe Nolberto ni kompadre wangu. Wanakaa ng'ambo ya kilima, karibu na kanisa dogo. Mbwa wa jirani walimmalizia kuku wake wote mwaka jana, na uwanja wake ulikuwa mtupu.

"Niachie mimi, komadre," akasema.

"Wote?"

"Wote, na huyo jogoo wako mwehu."

"Na hawaingii sufuriani?"

"Ebo! Unanionaje? Mimi nile kuku wako?"

"Apa."

Akautoa msalaba shingoni, akaubusu. "Naapa. Watakufa vikongwe hawa, watanizika mimi."

Nililia machozi ya kweli. Nilikuwa silali kwa ajili yao, na usiku ule nililala.

Likabaki banda. Banda hilo Arsenio alilijenga mwenyewe, mbao ngumu tupu, paa la vigae vya mbao, kidirisha upande wa jua, limekaa juu ya mawe kama nyumba ya watu. Nolberto alilizunguka, akalipiga ngumi ukutani, akasema, "Hili halibomolewi, komadre. Hili tunalivuta. Tunapiga minga."

Kwetu mtu akihama anaweza kuhama na nyumba yake. Inapandishwa juu ya magogo, maksai wanafungwa nira, watu wanashika kamba, nyumba inakwenda. Kazi ya minga haina malipo. Mwenye kazi anapita mlango kwa mlango kuomba, watu wanakuja, na yeye anawalisha mpaka washibe. Asipowashibisha, heri asingezaliwa. Lakini hili lilikuwa banda la kuku! Watu wanane na jozi moja ya maksai wangelimaliza kabla ya chai.

"Ishirini," nikamwambia Nolberto, maana miguu yangu ilikuwa imevimba, siwezi kuzunguka kuomba. "Wewe uombe kwa niaba yangu. Watu ishirini, kompadre, si zaidi."

"Nimesikia."

"Ishirini."

"Nimesikia, jamani! Kwani mimi kiziwi?"

Kiziwi si kiziwi. Shida ya Nolberto ni domo. Mpe habari ya sindano, atakufikishia ya shoka.

Nilichinja kondoo. Nikachemsha viazi gunia zima, nikakwaruza vingine mpaka vidole vikachubuka ili nipate milcao za kukaanga, ile mikate ya viazi ambayo minga bila hiyo si minga. Pombe ya tufaa nilikuwa nayo pipa moja, ya Arsenio mwenyewe. Kwa watu ishirini nilikuwa tajiri. Vyote nikavipeleka kwa Delfina, kwa sababu watu hula pale kazi inapoishia.

Asubuhi ya siku yenyewe Delfina alikuja na mkokoteni kuwachukua kuku, maana banda likivutwa na kuku ndani wanavunjika miguu. Tuliwatia kwenye vikapu, tukavifunika kwa shali yangu ili wasiogope. Mtawa alikuwa akiatamia. Nikamweka peke yake kwenye kikapu cha majani makavu, yeye na mayai yake.

"Huyu mweke gizani, komadre, asiguswe. Bado siku chache tu."

"Nimeelewa. Kavute banda lako."

Mdaku alitoa kichwa kwenye tundu la kikapu akanitazama. Nikamwambia, "Jioni tutaonana, wewe, acha umbea." Mkokoteni ukaondoka.

Watu wakaanza kuja. Wale wa kwanza niliwakumbatia mmoja mmoja. Wakaja wengine, nikawakumbatia pia. Kisha nikaona barabara ya chini imejaa kofia na miavuli, na maksai wanaletwa jozi baada ya jozi, na watu wa kitongoji cha pili, ambao minga zetu huwa hawaji, nao wanapanda kilima. Walikuja na watoto. Walikuja na bibi zao wasioweza kushika hata kamba ya viatu. Mmoja kaleta kinanda chake cha kifuani. Kwa banda la kuku!

Nikamvuta Nolberto kando. "Kompadre, hawa ni nani?"

"Watu, komadre. Wamekuja kukuaga."

"Uliwaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba mjane wa Arsenio anakwenda kufia mjini, na hii ndiyo minga yake ya mwisho. Sasa nani angebaki nyumbani?"

"Nilikwambia ishirini!"

"Haya, nitajie nyumba ambayo ningeiruka. Ya akina Cárcamo? Wakununie mpaka kaburini? Ya Baldomero mzee, aliyemfukia mumeo kwa mikono yake? Nitajie moja, komadre, nami nitakwenda sasa hivi niwarudishe."

Kuiruka nyumba ya mtu ni kumtukana na ukoo wake, na yeye alilijua hilo kama mimi. Nikawahesabu kwa macho, nikaachia njiani walipopita themanini.

Kabla ya mvuto wa kwanza mwenye minga husimama mbele ya watu na kusema neno. Nilisimama. Walinitazama kwa huruma, wanaume wamevua kofia kwenye mvua. Nikasema alichosema mama yangu kwenye minga zake, na kinachosemwa na kila mtu: "Asanteni kwa mikono yenu. Leo kwangu hakuna atakayerudi nyumbani na njaa." Wakashangilia hadi maksai wakashtuka. Wanawake waliokwenda kumsaidia Delfina jikoni wakatangulia na habari: watu wamepita themanini, na Ercira mwenyewe ametamka kwamba hakuna atakayerudi na njaa.

Mimi nikabaki na banda. Jamani, lile banda halikuvutwa, liliruka. Maksai jozi sita kwa kibanda ambacho jozi moja ingelitosha! Kwenye mteremko wa kwanza lilitaka kuwapita maksai wenyewe, wazee wakabaki nyuma wakigombana nani alifunga kamba vibaya. Baldomero alikaa mbele na fimbo akitoa amri ambazo hakuna aliyezifuata. Walinikalisha kwenye mkokoteni mwingine nyuma yao, na kila aliyepita alinishika bega. "Mama Ercira, banda lako lina haraka kuliko wewe!" Walicheka, nami nikacheka. Kinanda kilipigwa njia nzima. Nilikuwa na furaha, nisiwafiche. Nilijiona mtu mwenye watu.

Tulipofika kileleni niliona moshi kwa Delfina, moshi mzito wa majiko mengi. Harufu ikatupanda. Mtu mmoja akasema, "Mmm! Hapo kuna mchuzi." Nikasema moyoni, kondoo wangu ameiva.

Banda likateremshwa, likawekwa juu ya mawe mapya pale uwanjani, limenyooka, kidirisha kimeelekea jua kama Arsenio alivyotaka. Watu wakapiga makofi. Nikashuka kwenye mkokoteni, nikaita kwa sauti ili wote wasikie, "Haya komadre, walete wenyewe waingie kwao!"

Delfina alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakusogea. Mikono alikuwa ameifunga kwenye aproni, na kwenye mkono wa sweta yake kulikuwa na unyoya mweupe umegandia.

Mvua yote ya siku ile sikuisikia baridi, lakini pale niliisikia. Nilimshika mkono nikampeleka nyuma ya jiko.

"Wako wapi?"

"Komadre..."

"Delfina, kuku wangu wako wapi?"

"Kondoo wako hakufika hata nusu," akasema, na kilio kikamtoka. "Nilimkata vipande kama vya mgonjwa, na bado hakutosha. Viazi peke yake, komadre? Watu wakuvutie mlima mzima halafu uwape kiazi? Watasema nini?"

"Waseme! Kwani mdomo wao unaniua?"

"Sasa hivi unasema hivyo. Asubuhi ulisimama mbele yao ukasema nini? Nimeambiwa neno kwa neno."

"Nilisema kama inavyosemwa! Kila mtu anasema hivyo!"

"Na kila mtu akishasema anachinja. Wewe ulitaka mimi nifanye nini? Nikuaibishe siku yako ya mwisho?"

"Uliapa, Delfina. Ulibusu msalaba."

"Niliapa. Hilo ni langu mimi na Mungu, nitalijibu. Lakini sikuweza kukuacha uondoke hapa na aibu, komadre. Sikuweza."

Nikamuuliza, "Mtawa je?"

"Mtawa nilimwacha wa mwisho."

"Kwa hiyo yupo?"

Akatazama chini. "Wa mwisho, komadre. Walipofika wale wa kitongoji cha pili."

"Na jogoo?"

"Jogoo mgumu. Bado anachemka."

Pale pale, nyuma ya ukuta wa mbao, nguruwe wake akakoroma. Nguruwe mkubwa, mnene, tumbo linagusa chini. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Na huyo?"

"Ana mimba," Delfina akasema.

"Na Mtawa alikuwa na nini?"

Ningemzaba kofi. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka, Mungu ananiona, lakini alinitazama na uso ule wa mtu anayeamini amekufanyia wema mkubwa kuliko wote aliowahi kukufanyia, na mkono ukashuka wenyewe. Mtu mbaya ningemjua la kumfanya.

Wakaniita. Mwenye minga hupewa bakuli la kwanza, na yeye asipoanza hakuna anayeshika kijiko. Themanini na ushee wamekaa kwenye mbao na maji ya mvua yanawatiririka usoni, wanasubiri mimi. Delfina alinichagulia paja. Lilikuwa la nani sijui, na ninamshukuru kwa hilo moja, kwamba hakuniambia.

Nilikula. Mlitaka niseme sikula? Nilikula, na ilikuwa tamu, na utamu huo ndio ulionichoma zaidi, maana mahindi yaliyowanenepesha kuku wale waliyala mkononi mwangu. Nilitafuna, nikameza, nikatafuna. Baldomero akanyanyua bakuli lake kutoka upande wa pili. "Ercira! Mchuzi gani huu! Kuku wa mjini ni karatasi, hawa ndio kuku! Uliwaficha wapi miaka yote?" Watu wakacheka, wakasema kweli, kweli. Wengine wakaomba vipande vya kuwapelekea wagonjwa nyumbani, kama ilivyo desturi, na Delfina akawafungia.

Baadaye wakalizunguka banda. Walilipapasa mbao, wakasifu kazi ya Arsenio, wakachungulia ndani mmoja baada ya mwingine, banda tupu. Hakuna aliyeuliza. Nadhani kila mmoja alidhani mwenzake anajua. Giza lilipoanza kuingia, Nolberto alikwenda akaufunga mlango wa banda, akashusha na komeo.

"Mbweha asiingie," akasema.

Nilimtazama mume huyo wa Delfina, nikaona kweli hajui anachokisema. Amezoea tu kwamba jioni banda hufungwa.

Kisha nikashukuru. Mwenye minga hushukuru kwa mkono, mtu mmoja mmoja, kwa jina lake. Nilishika mikono themanini na zaidi. Walinibusu mashavu, wakalia, wakaniambia kisiwa hakitakuwa kile kile. Nilisema asante, asante, Mungu akulipe. Wengine mikono yao ilikuwa bado ina mafuta.

Boti iliondoka kesho yake. Delfina alikuja gatini. Sikutaka kumwona, lakini angekosaje kuja? Mbele ya watu wote akanitilia mikononi kifurushi cha kitambaa, bado cha moto. "Cha Yasna," akasema. "Hajala chakula cha nyumbani siku nyingi." Wote walikuwa wanatazama. Nikakipokea. Njia nzima nilikuwa nacho mapajani, na maji yalikuwa pale pale chini yangu, hatua moja tu, na sikukitupa. Mimi nimelelewa hivyo, chakula hakitupwi. Nilijichukia kwa malezi hayo kuliko nilivyomchukia Delfina.

Yasna alinipokea, akanipandisha ngazi pole pole, akanikalisha kwenye kiti kizuri. Kisha akafungua kifurushi, akapiga kelele kama mtoto.

"Mama! Kuku wa nyumbani!"

Hakukipasha hata moto. Alikaa mbele yangu, akashika kipande kwa mikono miwili, akala macho amefumba.

"Jamani, huku hawajui kuku. Huku tunakula sponji." Akalamba kidole. "Kina nani wamekuchinjia?"

"Kijiji."

"Si nilikwambia wanakupenda? Wewe ukawa unaogopa kuwaaga." Akavunja mfupa, akaufyonza. "Na wale wako? Umewapatia pa kukaa?"

"Nimewapatia."

"Wote?"

"Wote, pamoja."

"Heri. Nilikuwa nakuonea huruma nao, sikutaka tu kukwambia." Akachukua kipande kingine, akanisogezea kitambaa. "Kula na wewe basi."

"Nimeshakula, mwanangu," nikamwambia. "Kula wewe, ushibe."